Muhammed Said Abdulla: Mwandishi Aliyefukua Siri za Kale

Kabla hujaingia katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, ni vyema umfahamu aliyeiandika. Watahiniwa wengi huyasoma maisha ya mwandishi kama orodha ya tarehe, wakaikariri usiku mmoja na kuisahau asubuhi yake. Sura hii haikutaki ukariri. Inakutaka ujiulize swali moja na ulibebe hadi mwisho: kwa nini Muhammed Said Abdulla, kila alipoandika kuhusu uovu, hakuridhika na pale uovu ulipoonekana, bali alirudi nyuma miaka mingi kutafuta kosa la kwanza? Na kwa nini alifanya kazi hiyo nzito huku akituchekesha?

Ukilipata jibu, utakuwa umeipata nusu ya riwaya.

1. Kuzaliwa na Mazingira ya Utotoni

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, hali iliyoanza mwaka 1890, ingawa sultani aliendelea kukaa katika kiti chake. Sultani wa utoto wake alikuwa Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960.

Tufanye hesabu ndogo. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Abdulla alizaliwa miaka 21 baadaye. Maana yake ni kwamba wazee wengi aliowaona akiwa mtoto walikuwa wameishi katika zama za utumwa. Wako waliowahi kumiliki binadamu wenzao, na wako waliowahi kumilikiwa. Sasa watu hao walikutana sokoni na msikitini, wakaamkiana, wakaozeshana watoto. Sheria ilikuwa imesema jambo limekwisha. Lakini swali la nani ni mtoto wa nani, na mali hii ilitoka wapi, lilibaki likinong'onwa majumbani. Mtoto anayekua katika jamii ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba yapo mambo ambayo wakubwa hunyamaza mtoto aingiapo chumbani.

Makunduchi yenyewe ina mila mbili zinazotusaidia kumwelewa. Ya kwanza ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ambayo siku hizi hufanyika mwezi Julai. Katika sherehe hiyo wanaume hupigana kwa magomba ya migomba hadharani. Hasira na kinyongo cha mwaka mzima hutolewa mbele ya watu wote, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na watu hula na kucheza. Tazama jinsi mambo mawili yanavyokaa pamoja: ugomvi wa zamani unatolewa nje, na watu wanacheka.

Ya pili ni mizimu. Katika Kiswahili cha Unguja, mzimu si roho ya mtu aliyekufa tu. Ni mahali pia: pango, mbuyu mkubwa au magofu ambapo watu hupeleka ubani na chakula, wakaomba na kutambika. Kama wewe ni Mbukusu wa Bungoma, huenda umesikia kwa babu habari za namwima, kijibanda cha kuwakumbuka wahenga. Basi usidhani kwamba anwani ya riwaya ni ya ajabu sana. Abdulla alichukua jambo ambalo kila mtu kijijini alilijua, akaweka maiti hapo.

2. Mkaguzi wa Afya (1938–1948)

Abdulla alimaliza masomo yake mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 20. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kalamu. Aliajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi.

Usiipite hatua hii haraka. Fikiria kazi ya mkaguzi wa afya. Hapokelewi sebuleni tu kwa kahawa na halua. Kazi yake humpeleka uani, jikoni, kisimani na chooni. Anatakiwa kuuliza maji haya yanatoka wapi, uchafu huu unaelekea wapi, nani anaishi chumba kile cha nyuma. Ugonjwa ukizuka, haruhusiwi kusema kwamba ni shetani wa mtaa. Lazima atafute chanzo: kisima gani, chakula gani, siku gani.

Sasa mlinganishe na mhusika wake mkuu. Bwana Msa si polisi. Ni mtu mwenye utulivu, mwenye kiko chake mdomoni, anayeingia nyumba za watu, anaona kitu kidogo ambacho wengine wamekipita, kisha anauliza swali ambalo mwenyeji hakulitarajia. Wahakiki wengi wameonyesha kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, mpelelezi wa mwandishi wa Uingereza Arthur Conan Doyle. Hilo ni kweli, nasi tutalirudia. Lakini mtahiniwa mwerevu ataongeza kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kulipwa mshahara kwa kukagua, na kwamba tabia ya kutafuta chanzo badala ya kulaumu mashetani inaafikiana na kazi hiyo ya miaka kumi.

3. Mwanahabari (1948–1958)

Mwaka 1948 Abdulla aliacha ukaguzi na kuingia katika uandishi wa habari. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Majina haya yanahitaji maelezo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Mwaka 1954 viongozi wa jumuiya hiyo walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala za gazeti hilo dhidi ya serikali ya kikoloni. Afrika Kwetu kwa upande wake lilikuwa sauti ya Waafrika wa visiwani. Magazeti haya mawili hayakuwa marafiki. Kadiri siasa zilivyopamba moto, magazeti ya Zanzibar yalishambuliana kuhusu jambo lile lile lililokuwa likinong'onwa tangu Abdulla akiwa mtoto: nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, babu ya nani alikuwa bwana na babu ya nani alikuwa mtumwa. Uovu wa karne iliyopita ulikuwa umerudi, sasa ukiwa na wino na mashine ya kuchapia.

Abdulla alifanya kazi pande zote mbili za mzozo huo. Mtu wa namna hiyo huzisikia hadithi mbili za tukio moja, kila upande ukiwa na hakika kwamba wenyewe ndio ulioonewa. Ni shule nzuri kwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi, kwa sababu katika riwaya hizo kila shahidi husema kweli yake, na kazi ya mpelelezi ni kuzilinganisha hadi ile iliyofichwa ionekane.

4. Shindano Lililoleta Riwaya

Mwaka 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza. Familia ziligawanyika, majirani wakaacha kununua katika duka la mtu wa chama kingine. Katika kipindi hicho hicho, 1957–58, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Nairobi, liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Abdulla alipeleka hadithi yake. Iliibuka ya kwanza. Mwaka 1960 ikachapishwa kama kitabu, nacho ndicho Mzimu wa Watu wa Kale.

Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa na hadithi nyingi: ngano, tendi, visa vya safari, na maandishi ya Shaaban Robert yaliyojaa mafunzo ya adili. Lakini riwaya ya upelelezi iliyokamilika haikuwapo. Kwa hiyo Abdulla anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Hii ni hoja moja ambayo unapaswa kuifahamu bila kusita.

Kisa kinaanza kwa mtu kukutwa ameuawa kwenye mzimu. Sitakueleza hapa nani aliua. Muhtasari una sura yake, na utamu wa kitabu ni kukisoma mwenyewe. Tazama tu jinsi watu wanavyolipokea tukio. Wengi wako tayari kuamini kwamba watu wa kale wamekasirika. Imani hiyo ina faida moja kubwa kwa muuaji: ikiwa mzimu ndio ulioua, hakuna haja ya kumtafuta mtu. Bwana Msa haidharau mila ya watu, lakini hakubali kwamba roho hushika kisu. Akiwa na rafiki yake Najum, na pembeni yake Inspekta Seif wa polisi, anaanza kuuliza maswali ya kibinadamu.

Maswali yenyewe, katika riwaya hii na katika zile zilizofuata, huelekea nyuma. Nani alimwoa nani? Nani alirithi nini, na kwa haki gani? Mtoto huyu ni wa nani hasa? Mara nyingi tatizo la leo lina mizizi katika ndoa iliyosahauliwa, jina lililobadilishwa au mali iliyopita katika mikono isiyostahili. Hapa ndipo Abdulla anapokaribiana na Conan Doyle kuliko katika jambo la kiko. Katika A Study in Scarlet, kitabu cha kwanza cha Sherlock Holmes kilichotoka mwaka 1887, mauaji ya London yanatokana na dhuluma iliyotendwa Marekani miaka mingi kabla. Na mtindo huu ni mkongwe kuliko Mwingereza huyo: mfalme Edipode wa Sophokle, ambaye Samuel Mushi alimleta katika Kiswahili mwaka 1971, anamtafuta muuaji wa zamani na kugundua kwamba ni yeye mwenyewe.

5. Kicheko cha Abdulla

Kwa nini basi tunacheka tunaposoma habari za maiti?

Sababu ya kwanza ni Najum. Najum ni mwepesi wa kuhitimisha. Huona jambo moja, akaamini amelimaliza, kisha Bwana Msa humwonyesha kwamba amekosea. Msomaji humcheka Najum, lakini ukijichunguza utaona kwamba nawe ulikuwa umefikiria hivyo hivyo. Kicheko hicho kinatufundisha unyenyekevu.

Sababu ya pili ni lugha. Abdulla anaandika Kiswahili cha watu wa Unguja wanaopenda mazungumzo, utani na mafumbo. Watu wake hawatoi habari moja kwa moja. Huzunguka, hutaniana, hujibu swali kwa swali. Katika mzaha huo ndimo siri huponyoka. Mtu aliyejilinda mbele ya polisi husahau kujilinda mbele ya rafiki anayemchekesha.

Sababu ya tatu ni uchungu. Yako mambo ambayo jamii haiwezi kuyasikia kwa sauti kali. Ukiwaambia watu kwamba utajiri wa mzee fulani una doa, watakufukuza. Ukiwachekesha, watakaa hadi mwisho wa hadithi, na doa wataliona wenyewe. Abdulla alikuwa mhariri katika mji ambao neno moja la gazeti liliweza kuwapeleka watu mahakamani. Ni haki kufikiri kwamba alijua thamani ya kusema jambo kwa mzaha.

6. Mkulima, Mapinduzi na Miaka ya Kimya

Mwaka 1958 Abdulla alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1968.

Zingatia yaliyotokea kati ya tarehe hizo mbili. Juni 1961 uchaguzi ulizua ghasia zilizoua watu 68. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yaliuangusha utawala wa sultani. Maelfu ya watu waliuawa au kukimbia. Aprili mwaka huo Zanzibar na Tanganyika ziliungana. Katika dhoruba hiyo yote Abdulla alikuwa akihariri jarida la kilimo.

Baina ya riwaya ya kwanza na ya pili ilipita miaka minane. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule aliostaafu. Giningi ni jina linalotajwa katika simulizi za wachawi za visiwani, mahali panapoaminiwa kuwa makutano yao. Kwa mara nyingine mwandishi amechagua jina la kutisha la watu wa kijijini, kisha akampeleka huko Bwana Msa mwenye akili baridi.

7. Vitabu vya Baadaye na Kifo

Baada ya kustaafu alipata nafasi ya kuandika. Kwa wanafunzi wa Kenya, ni jambo la kujivunia kwamba vitabu vyake vingi vya kipindi hiki vilichapishwa Nairobi. Orodha yake ni hii:

Mzimu wa Watu wa Kale (1960)
Kisima cha Giningi (1968)
Duniani Kuna Watu (1973)
Siri ya Sifuri (1974)
Mke Mmoja Waume Watatu (1975)
Mwana wa Yungi Hulewa (1976)
Kosa la Bwana Msa (1984)

Tazama anwani ya mwisho. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kumwonyesha Bwana Msa akisahihisha makosa ya wengine, mwandishi aliweka neno kosa kando ya jina la shujaa wake. Mzee wa miaka 66 alikuwa bado ana ujasiri wa kumtania hata yule aliyempa umaarufu.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwezi Machi 1991, akikaribia kutimiza miaka 73. Vitabu vyake vilikuwa vimesomwa shuleni kote Afrika Mashariki, na hata leo katika maktaba za shule kongwe utakuta nakala zisizo na jalada, kurasa zimelegea kwa kushikwa na mikono mingi.

8. Lawama za Wahakiki

Mwongozo mzuri haumsifu mwandishi tu. Wapo wahakiki waliomlaumu Abdulla kwamba aliishi katika kipindi kizito cha historia ya Zanzibar lakini riwaya zake haziyashughulikii Mapinduzi wala matabaka waziwazi. Bwana Msa, wanasema, ni mtu wa tabaka la wenye nafasi, anayetatua mafumbo ya familia huku wakulima na wachukuzi wakipita nyuma ya pazia. Ukimlinganisha na Said Ahmed Mohamed au Shafi Adam Shafi, waandishi wa Zanzibar waliomfuata, utaona tofauti mara moja. Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad anawaonyesha wazi mabwana na watwana na Mapinduzi yenyewe.

Unaweza kukubaliana na lawama hii na bado ukapata alama. Unaweza pia kuipinga. Hoja ya kuipinga ni kwamba mtu anayeuliza mali ilitoka wapi na mtoto ni wa nani, katika jamii iliyojengwa juu ya utumwa, hajakwepa historia. Ameiingiza kupitia mlango wa uani. La muhimu ni kwamba hoja yako itoke katika matini. Mtahini hakupi alama kwa sababu unakubaliana naye. Anakupa kwa sababu umeonyesha ushahidi.

9. Abdulla Anatuhusu Nini Sisi wa Kitale na Bungoma?

Huenda unajiuliza: mimi nasoma Tuwan, mbali na bahari, sijawahi kuona mkarafuu. Maisha ya Mzanzibari aliyefariki 1991 yananihusu nini?

Kwanza, kifasihi. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, aliandika riwaya mbili ambazo zinatembea katika njia iliyofunguliwa na Abdulla, ijapokuwa si za upelelezi. Katika Siku Njema (1996), Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Fumbo lake ni lile lile: mimi ni mtoto wa nani? Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyotahiniwa katika KCSE, Mtemi Nasaba Bora anaishi kwa raha juu ya ardhi ya dhuluma na damu iliyomwagwa zamani, huku Yusuf asiye na hatia akiozea gerezani. Amani anafika Sokomoko na kuwa mchungaji wa ng'ombe wa mtemi. Ni mtu mdogo machoni pa wakubwa, lakini anatazama, anasikiliza na kuunganisha. Na riwaya hiyo inachekesha: mtemi mwovu anaitwa Nasaba Bora, mwalimu aliyeiba mswada wa kijana anaitwa Majisifu, na kweli kali zaidi inatoka kinywani mwa Matuko Weye, ambaye watu wanamwita mwendawazimu. Kicheko na uovu wa zamani vinakaa chumba kimoja, kama vilivyokaa kwa Abdulla.

Pili, kimaisha. Huku Trans Nzoia mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa na kuuzwa baada ya uhuru. Vyama na makampuni ya kununua mashamba yalikusanya pesa za wengi, na si wote waliochanga waliopata hati. Mzee anapofariki, ndipo kijana mgeni hutokea matangani akidai kwamba naye ni mrithi, ndipo karatasi ya miaka hamsini hutolewa chini ya godoro. Kama umewahi kuketi kwenye matanga ya namna hiyo, umeshaingia katika riwaya ya Abdulla bila kufungua kitabu.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote. Huko Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Kilifi hasa, ripoti nyingi zimeonyesha kwamba mara kwa mara chanzo halisi ni shamba: mzee mwenye ardhi anaitwa mchawi, anauawa, na urithi unabadilisha mikono. Wanakijiji wengine huamini kwamba kijiji kimesafishwa. Hiyo ndiyo hila ambayo Abdulla aliionyesha mwaka 1960. Anayesema mzimu umeua, au mchawi ameroga, anaweza kuwa anamfichia siri mtu mwenye kisu. Mwanafunzi anayeielewa riwaya hii hawezi tena kusikia uvumi wa uchawi bila kuuliza: nani atafaidika mzee huyu akifa? Swali hilo laweza kumwokoa mtu.

10. Jinsi ya Kutumia Maisha ya Mwandishi Katika Mtihani

Katika Karatasi ya Tatu kila swali lina alama 20. Swali halitakuuliza Abdulla alizaliwa lini. Litakuuliza kuhusu dhamira, wahusika, mbinu na mafunzo. Zingatia yafuatayo.

(a) Usianze insha yako kwa wasifu mrefu wa mwandishi. Sentensi moja inatosha, na iwe inaingiza hoja. Kwa mfano, ukijibu swali kuhusu mgongano wa imani na akili, unaweza kutaja kwamba mwandishi alikuwa mkaguzi wa afya, mtu wa kutafuta chanzo, kisha uingie katika matini mara moja.

(b) Tofautisha mwandishi na mhusika. Bwana Msa si Abdulla. Usiandike kwamba Abdulla alimhoji shahidi au alimkamata muuaji. Kosa hili hutokea kila mwaka na hukupunguzia imani ya mtahini.

(c) Ukiulizwa kuhusu mbinu rejeshi, usitaje tu kwamba imetumika. Eleza kazi yake. Katika riwaya ya upelelezi, kurejea nyuma si pambo. Ndiko kunakotoa jibu. Bila yaliyopita, ya sasa hayaeleweki.

(d) Ukiulizwa kuhusu ucheshi, onyesha nani anachekwa na kwa nini. Kisha onyesha uchungu ulio chini yake. Jibu linalosema tu kwamba mwandishi ametumia ucheshi ili kuburudisha halitakufikisha mbali.

(e) Taja mwaka wa kuchapishwa (1960) pale tu unapokusaidia kueleza muktadha: Zanzibar kabla ya uhuru, miaka minne kabla ya Mapinduzi.

Maswali ya Kutafakari

1. Eleza jinsi kazi tatu alizofanya Muhammed Said Abdulla (ukaguzi wa afya, uandishi wa magazeti ya kisiasa na uhariri wa jarida la kilimo) zinavyoweza kuhusishwa na riwaya zake. Toa mfano mmoja kutoka kwenye matini kwa kila kazi.

2. Imani katika mizimu humfaa mhalifu kuliko inavyowafaa waumini. Jadili ukirejelea Mzimu wa Watu wa Kale.

3. Linganisha Bwana Msa na Amani wa Kidagaa Kimemwozea kama watu wanaofichua maovu ya zamani. Nani kati yao ana mengi zaidi ya kupoteza, na kwa nini?

4. Je, unakubaliana na wahakiki wanaosema kwamba Abdulla aliikwepa historia ya nchi yake? Tetea msimamo wako.

5. Muulize mzee mmoja wa familia yenu jinsi shamba au ploti mnayoishi ilivyopatikana. Andika majibu yake kwa ukurasa mmoja, kisha uonyeshe ni mambo gani aliyoyasema kwa urahisi na yapi aliyapita haraka. Lete kazi hiyo darasani, lakini kwanza muombe ruhusa. Si kila siri ni ya kusomwa mbele ya watu.